Anayesemeshwa

Kosa la kwanza lilikuwa la sarufi, na mama mtu ndiye aliyeliona.

Chupa mbili za jamu, zimeoshwa zikakaushwa vizuri, zilikuwa zimepangwa kwenye rafu ya jikoni juu ya sinki. Ndani ya kila chupa mlikuwa na kipande cha mkate kilichonyunyiziwa matone kumi ya maji, na vifuniko vilikazwa mpaka mwisho. Ya kushoto ilibandikwa karatasi iliyoandikwa ASIYESEMESHWA. Ya kulia iliandikwa ANAYESEMESHWA.

"Profesa," mama aliita, sindano bado imebanwa midomoni, "tangu lini mkate ukawa mtu?"

Binti yake alitokea mlangoni na sare ya shule, soksi moja juu, nyingine imeporomoka. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Jina la Profesa alipewa na baba yake alipokuwa na miaka minne, kwa sababu alimuuliza upepo unalala wapi, na alipojibiwa haulali akataka ushahidi.

"Kinachosemeshwa ni refu, mama, halikutosha kwenye karatasi."

"Mwalimu akikukata maksi usije ukanililia hapa."

Mwalimu wa sayansi alikuwa amewaambia wanafunzi wakuze ukungu nyumbani, kila mmoja na swali lake. Wengi walichukua maswali ya kawaida: mkate wa juani na wa kivulini, mkate ulioshikwa kwa mikono michafu na ulioshikwa kwa mikono safi. Profesa hakutaka vya kawaida. Swali lake lilikuwa hivi: je, ukungu hukua haraka zaidi ukisemeshwa maneno mazuri? Chupa moja angeisemesha asubuhi, akirudi shule, na kabla ya kulala. Nyingine asingeitupia hata neno.

"Na utaiambia nini?" mama aliuliza.

"Nitaikaribisha," alisema Profesa. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, akasema kwa ile adabu anayowatolea wageni wa baba yake, "Karibu. Karibu ndani. Hapa ni kwako. Kaa, kula, ukue."

Mama alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Alikuwa fundi cherehani, anashonea sebuleni, na siku hiyo alikuwa na magauni sita ya wasimamizi wa harusi yasiyotaka kuisha. Alirudi kwenye cherehani yake na kuzisahau chupa.

Siku ya tano, kipande kisichosemeshwa kilikuwa na madoa ya kijani pembeni, kama mkate wowote uliosahaulika. Kilichosemeshwa kilikuwa cheupe vilevile. Profesa alinuna. Alikuwa ametarajia kinyume chake.

"Labda kinaona haya," mama alimtania.

"Labda nakikaribisha vibaya," alijibu Profesa, na alikuwa hatanii. Kuanzia siku hiyo aliongeza maneno. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya rafu, akakihadithia mambo ya shule, nani kagombana na nani, nani kapata sifuri ya hesabu. Mama alimsikia kutoka sebuleni, katikati ya mlio wa cherehani, na hakuona ubaya. Mtoto wa pekee, baba yake dereva wa lori anayekaa barabarani wiki tatu kwa mwezi, mama anashona kutwa. Acha aongee na mkate.

Siku ya tisa mama alisimamisha cherehani ili abadilishe uzi, na katika ule ukimya akagundua jambo. Profesa alikuwa akiongea, kisha ananyamaza. Anaongea, ananyamaza. Na kule kunyamaza kulikuwa na urefu wake, kama mtu aliye kwenye simu anayemwachia mwenzake nafasi. Kisha Profesa akacheka, kile kicheko cha mtu aliyechekeshwa.

Mama alikwenda jikoni. "Unaongea na nani?"

"Na jaribio."

"Na limesema nini cha kuchekesha?"

Profesa aligeuka taratibu. "Hakuna, mama. Nimejichekea tu."

Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kushangilia mpira.

Mama alitazama chupa ya kulia. Mkate ulikuwa bado mweupe, lakini kioo kilikuwa kimefunga mvuke upande wa ndani. Akiwa anatazama, mvuke ule ulififia ukaisha, mkate ukaonekana wazi. Kisha ukarudi. Ukafifia. Ukarudi. Alikuwa amewahi kuona kioo kikifanya hivyo, dirishani, mtu akiegemeza uso na kupumua.

Alijiambia ni joto la jiko. Jiko lilikuwa halijawashwa tangu asubuhi.

*

Katika wiki iliyofuata nyumba ilianza kunuka. Haikuwa harufu ya uozo, ambayo mama angeitafuta, akaipata na kuitupa. Ilikuwa harufu ya mkate mbichi uliolowana, yenye utamu kidogo, na ndani yake kitu kama pumzi ya mtu aliyeamka sasa hivi. Iliingia kwenye vitambaa. Mteja mmoja aliunusa mkono wa gauni lake jipya, akamtazama mama usoni.

Na sauti ya Profesa ilikuwa inakwisha. Ilianza na mkwaruzo, ikashuka mpaka mnong'ono, kisha maneno yakaanza kukatika katikati. Aliomba "ma" badala ya maji. Mama alimpeleka kwa jirani, mwanamke aliyestaafu unesi na anayeishi peke yake nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta nao. Mtaa mzima humwita Bibi Nesi, na hakuna mtoto pale ambaye hajawahi kudungwa sindano naye.

Bibi Nesi alimulika koo la Profesa kwa tochi ya simu. Alimulika kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Halijavimba. Halina usaha," alisema mwishowe. "Lakini limechoka. Limechoka kama la mtu aliyehutubia mkutano siku nzima. Mwanangu, unapiga kelele sana shuleni?"

Profesa alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Basi asiongee siku tatu. Hata neno moja. Maji ya uvuguvugu, na apumzike."

Mama alimlaza chumbani, akamfunika shuka. Siku mbili mtoto hakusema hata neno.

Siku ya pili, saa nane mchana, baba alipiga simu. Ilikuwa mara ya pili kupiga, alisema, kwa sababu mara ya kwanza alisahau kuuliza habari za ada ya shule.

"Mara ya kwanza saa ngapi? Sijapokea simu yako mimi."

"Kapokea Profesa. Si nimeongea naye sasa hivi? Kachangamka kweli leo, kaniuliza maswali mpaka nimeishiwa majibu. Anataka kujua nyumba ina watu wangapi, nani analala wapi. Nikamwambia wewe mtoto vipi, si unakaa humo humo?" Baba alicheka. "Haloo? Mama Profesa?"

Simu ilikuwa ikichajiwa jikoni. Kwenye rafu. Mama alikuwa ameichomoa dakika hiyo hiyo, ilipoita. Aliishusha sikioni, akatazama orodha ya simu zilizopokelewa, na humo ilikuwemo ya mume wake, dakika sita. Juu ya kioo cha simu palikuwa na vumbi laini la kijani, limekaa kama alama ya midomo.

Kutoka pale aliposimama aliweza kuuona mlango wa chumbani ukiwa wazi, na mwanawe amelala amemgeuzia mgongo, na shuka vilevile alivyomfunika.

Alitazama chupa. Ule mkate uliokuwa mweupe kwa siku kumi na nane haukuonekana tena, kwa sababu ukungu ulikuwa umejaa kutoka chini mpaka kwenye kifuniko, mzito, wa kijani kinachokaribia weusi, umejibana kwenye kioo kila upande kama vile chupa ilikuwa ndogo na kilichomo kilikuwa kikiendelea kutafuta nafasi, na katikati yake, kwa kadiri mama alivyoweza kuona na kwa kadiri alivyotamani asione, palikuwa na sehemu iliyokuwa ikifunguka na kufunga, ikifunguka na kufunga, bila haraka.

Akanyoosha mkono aishike, akaitupe jalalani, mbali, hata ikibidi abebe kwa meno.

"Mama," ilisema chupa.

Ilikuwa sauti ya Profesa. Haikuwa inafanana nayo, ilikuwa ni yenyewe, pamoja na ule mkato mdogo anaouweka mwishoni akitaka kuomba kitu.

"Mama, usinitoe. Nimekaribishwa."

*

Bibi Nesi hakumcheka. Alimsikiliza mama akieleza kwa kunong'ona, uani, huku akipindapinda ncha ya khanga, kisha akasema, "Sindano zangu hazifiki huko. Lakini namjua anayefika. Usishangae ukimwona."

Aliyekuja kesho yake alasiri alikuwa fundi wa friji. Mwanaume mnene wa makamo, ovaroli ya bluu, kisanduku cha spana mkononi. Alivua viatu mlangoni, akasimama, akavuta hewa kwa pua kama anavyofanya akitafuta gesi inayovuja.

"Watu wangapi humu?"

"Mimi na binti yangu. Baba yake amesafiri."

"Wabaki hao tu. Bibi Nesi, utaniwia radhi, nenda nyumbani kwako ufunge mlango. Kadiri watu wanavyokuwa wengi, ndivyo kinavyopata wa kuzungumza nao."

Bibi Nesi alikwenda. Fundi aliichukua chupa rafuni kwa kitambaa, bila kuitazama sana, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo sebuleni. Profesa alikaa kwenye kiti upande wa pili. Alikuwa amekonda. Nyuma ya sikio lake, pale nywele zinapoanzia, palikuwa na utando wa kijani usiozidi ukucha, na mama alipoufuta kwa kidole ulirudi taratibu, mbele ya macho yake.

"Vitu hivi haviingii nyumba ya mtu hivihivi," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Vinapita tu. Vinasikiliza. Mtu akisema karibu mara moja, vinajua ni desturi ya mdomo, vinapita. Huyu alisema mara ngapi?"

Mama alihesabu. Mara tatu kwa siku, siku kumi na sita kabla hajanyamazishwa, na kila mara alikaribisha zaidi ya mara moja. "Nyingi," alisema.

"Na akakipa mazungumzo. Kinachoishi kwa kusemeshwa hula sauti. Sasa aliyekaribisha ndiye anayeaga. Mimi siwezi kumfukuza mgeni nisiyemwita. Wewe pia huwezi. Ni yeye."

"Hana sauti, fundi."

"Najua. Ndiyo sababu kimeanza na sauti."

Hapo chupa ikaongea.

"Mama, huyo mwanaume anakudanganya. Mama, nitazame. Mimi ndiye niliye humu. Huyo aliyekaa kwenye kiti si mimi, mama, kimechukua mwili wangu kikaniingiza humu, ndiyo maana hakiongei, hakijui kuongea. Ona kimeanza kuota ukungu! Mama, humu kuna giza."

Profesa alikuwa akitikisa kichwa, mdomo wazi, hakuna kilichotoka.

"Niulize chochote," iliendelea sauti, sasa inalia. "Niulize siku ile uliyojifungia bafuni ukalia, ukaniambia nisimwambie baba kwamba mdogo wangu hatakuja tena. Sikumwambia mtu, mama. Nani mwingine anajua?"

Siku ile ilikuwa ya kwao wawili tu. Alimtazama mtoto aliye kwenye kiti, na mtoto akainamisha kichwa chini kwa aibu, na mama hakujua kama ilikuwa aibu ya mtoto aliyeisimulia chupa siri ya mama yake, au ni utulivu wa kitu kisicho na la kujibu, na kadiri alivyozidi kutazama ndivyo uso ule aliouzaa ulivyozidi kuwa mgeni, pua ile, midomo mikavu ile, macho yale yasiyosema, huku kutoka mezani sauti pekee aliyoijua kuliko zote duniani ikimwita, ikimwita, ikimwita.

"Fundi," alisema, "ni yupi?"

Fundi alifuta jasho kwa mkono wa ovaroli. "Hapo siwezi kukuchagulia, mama. Nikikosea mimi, utakuwa umemtupa mwanao."

Mama alisimama. Hakujua afanye nini na mikono yake, na mikono, ilipokosa kazi, ikaenda ilikozoea. Ilishika utepe wa kupimia uliomning'inia shingoni. Alizunguka nyuma ya kiti akamgusa yule mtoto begani kwa kidole kimoja.

Mtoto akasimama. Akainua mikono, si juu sana, kiasi cha kupitisha utepe. Utepe ulipofika kifuani akaibana pumzi bila kuambiwa, na ulipoteremka kiunoni akahamishia uzito wake mguu wa kushoto, kwa sababu bega lake la kulia hushuka kidogo na bila kufanya hivyo gauni hukaa upande. Kisha akageuka robo duara, akasubiri.

Tangu akiwa na miaka mitatu amekuwa akisimama hivyo. Hawakuwahi kulizungumzia. Hakuna aliyemfundisha kwa mdomo, na yeye hangeweza kumsimulia mtu, kwa sababu hata yeye mwenyewe hajui kwamba anafanya.

Mama aliukumbatia ule mwili mwembamba kutoka nyuma. "Huyu," alisema. "Huyu ndiye wangu."

Chupa, kwa sauti ile ile ya mtoto, lakini bila kilio tena, ikasema, "Sawa."

"Upesi," fundi alisema. "Binti, ibebe mwenyewe. Mlangoni. Ukifika, mwambie aende. Tamka tu. Sauti imekwenda lakini midomo bado ni yako."

Profesa aliibeba kwa mikono miwili. Kutoka mezani hadi mlangoni ni hatua saba, na mama alizihesabu zote, kwa sababu katika kila hatua ile chupa iliongea, ikarudia kila ilichowahi kuambiwa na mtoto yule, majina ya marafiki, hofu zake, wimbo anaouimba akioga, lini baba hurudi, mama huficha wapi funguo, ikizidi haraka mpaka maneno yakawa mvumo mmoja mrefu usio na pumzi, na kioo kikatetemeka, na utando wa nyuma ya sikio ukatambaa mpaka shavuni, na Profesa akaivusha chupa nje ya kizingiti, akaiweka chini, akafungua mdomo na kutamka bila sauti, kwa utaratibu, kila silabi ikionekana: Nenda. Hapa si kwako.

Mvumo ukakatika. Upepo mdogo ulipita mlangoni, wenye ile harufu, kuelekea nje.

Ndani ya chupa palikuwa na kipande cha mkate mweupe, mkavu, kisicho na doa hata moja. Profesa alijishika shavu. Lilikuwa safi.

Fundi aliketi kwenye ngazi, akavaa viatu polepole kama mzee. "Kimetoka," alisema. "Lakini sitakudanganya, mama. Kimeondoka na sauti."

"Itarudi?"

"Sijui. Ninachojua, mkiisikia nje, msiitikie. Hasa lile neno. Msilitamke kabisa. Na mambo haya msiyatangaze mtaani, yakitajwatajwa yanapata njia."

Basi Bibi Nesi alipouliza, mama alimwambia mtoto amepona, sauti itarudi polepole. Bibi Nesi alifurahi mno. Kila alipokutana na Profesa alimfinya shavu akamwambia, "Siku ukiongea, mimi ndiye wa kwanza kuja kusikia."

Miezi mitatu ilipita. Profesa alirudi shule na kijitabu cha kuandikia, na mama alijifunza kuusoma uso wake kama anavyosoma kitambaa. Waliweza tena kucheka, mmoja kwa sauti, mwingine kwa mabega.

Siku moja saa nne asubuhi, Profesa akiwa shule, mama alikuwa akitia pindo pazia la mteja. Alisikia harufu ya mkate uliolowana kabla hajasikia kitu kingine.

"Hodi," ilisema sauti nje ya mlango.

Mguu wake ukagandia kwenye pedali.

"Mama, nimerudi. Hodi."

Ilikuwa na ule mkato mwishoni. Miezi mitatu hakuisikia sauti ile, hata ndotoni, na sasa ilikuwa hatua saba kutoka kwake, ikiomba kitu kidogo kabisa. Mdomo wake ulifunguka wenyewe. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi alipochukua pindo la pazia akajijazia mdomoni, akauma mpaka taya zikauma, na machozi yakamshuka hadi kwenye cherehani.

"Hodi," mara ya tatu.

Kisha kimya. Harufu ikapungua. Mama alibaki amefumba macho, anamshukuru Mungu kwa moyo kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa.

Ndipo akasikia, ng'ambo ya ukuta.

"Hodi, Bibi Nesi."

Ndala zikakimbia sakafuni, za mtu mzima anayeharakisha kwa furaha. Mama aliruka, kiti kikaanguka, akauvuta ule mrundo wa kitambaa mdomoni kwa mikono miwili ili apige kelele, lakini komeo la jirani lilikuwa limeshafunguliwa.

"Wewe! Sauti imerudi! Si nilisema?" Bibi Nesi alikuwa akicheka. "Unasimama nje kwa nini, mwanangu? Ingia. Karibu, karibu ndani."